Kisa Hiki Ni cha Nani?

Liko swali moja ambalo zamani liliwahusu watu wachache, kwa kuwa waandishi walikuwa wachache. Jambo lililonipata mimi, je, ni mali yangu peke yangu? Ninayo haki ya kulisimulia kwa mtu yeyote, wakati wowote, kwa namna yoyote niipendayo? Leo swali hili linamhusu kila mtu. Mwenye simu ana mtambo wa kupigia chapa mfukoni mwake, na anaweza kuwa mwandishi kabla chai yake haijapoa. Kwa hiyo naona si vibaya sisi tulioishi zama zote mbili, za barua na za mtandao, tukakaa kitako tukalipima jambo hili bila jazba.

Nianze kwa kutoa haki panapostahili. Wako wazee wenzangu wasemao kwamba intaneti imeua uandishi. Mimi sikubaliani nao. Katika miaka ya 1970 na 1980 kijana wa Tanzania aliyetaka kuwa mwandishi alikuwa na safari ndefu. Aliandika kwa mkono, akamtafuta mwenye taipureta, akalipa kwa kila ukurasa, akapeleka mswada posta, kisha akangoja. Wachapishaji walikuwa wachache na karatasi ilikuwa adimu. Miswada mingi iliishia masandukuni ikawa chakula cha mchwa, na hatutajua kamwe ni vipaji vingapi vilivyozikwa pamoja nayo. Leo kijana wa Sumbawanga au Lamu huandika sura moja ya riwaya usiku, na asubuhi imesomwa Dar es Salaam, Maskati na Toronto. Tangu kutuma fedha kwa simu kulipoanza, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, imewezekana hata kuuza riwaya sehemu kwa sehemu: msomaji hupewa mwanzo bure, kisa kikinoga huambiwa atume fedha kidogo apate kilichobaki. Ni biashara ya halali, nayo ina ukoo na zile hadithi za magazetini zilizokuwa zikikatika kwa neno "Itaendelea". Mlango uliokuwa umefungwa sasa u wazi. Anayeulilia mlango ule wa zamani, huenda yeye alikwisha kuwa ndani.

Lakini mlango ule ulikuwa na mabawabu watatu, na wote wameondoka kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa mhariri, aliyeuliza kama jambo limeandikwa vizuri. Wa pili ilikuwa gharama, iliyouliza kama jambo lina thamani ya stempu na karatasi. Wa tatu ulikuwa muda, na huyu ndiye aliyekuwa na hekima kuliko wenzake. Kati ya siku ya kuandika na siku ya kusomwa zilipita wiki, miezi, pengine miaka. Katika kipindi hicho hasira ilipoa, waliogombana walipatana, na mwandishi alipata nafasi ya kuyasoma maneno yake kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine. Mhariri tunaweza kumpata tena, na gharama hatuililii. Muda umekwenda zake, na hatujaweka kitu mahali pake.

Tazama sasa jinsi mwandishi chipukizi anavyolelewa. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwafundisha walimu, na nilipokuwa mkuu wa chuo niliwakumbusha wanachuo wote waliokuwa wakienda kwenye mazoezi ya kufundisha kwamba mtoto hushika lile analopigiwa makofi, hata kama andalio la somo linasema vingine. Mtandao nao ni darasa, na makofi yake ni ya papo kwa papo, tena huja yakiwa yamehesabiwa. Kijana ataandika kwa uvumilivu juu ya mafundi wa majahazi wa kwao, na watakaopendezwa watakuwa kumi. Kesho yake ataandika jinsi ndoa ya dada yake ilivyovunjika, na watu watamiminika: wenye mioyo myekundu, wenye machozi, na wenye kudai sehemu ya pili. Hakuna aliyemwamuru ayaache majahazi. Amejifunza mwenyewe, kama mtoto yeyote mwerevu, makofi yaliko. Ukipita mwaka atakuwa ameigeuza nyumba yao machimbo ya mawe, na kila akosapo la kuandika atarudi na sururu.

Jambo hili haliwahusu wenye ndoto ya kuandika vitabu peke yao. Namjua mwalimu kijana, mtu mwema na mwana mwenye mapenzi, ambaye mama yake alishikwa na ugonjwa ambao wanawake wa rika lake huuzungumza kwa kunong'ona. Kila jioni aliandika mtandaoni hali ya mgonjwa: alivyokula, alivyolia, alivyoshindwa kujizuia. Aliandika vizuri, na watu walimfariji kwa maneno mazuri. Wengine walimtumia hata fedha. Mama hakuwa na simu ya namna hiyo. Aliyajua hayo siku jirani alipokuja kumjulia hali akautaja ugonjwa kwa jina, pamoja na mambo yaliyotokea chumbani usiku. Mwana alipojieleza kwamba alifanya vile kwa upendo, mama alimjibu kwa upole: "Mwanangu, ninayeumwa ni mimi, lakini pole unapokea wewe."

Mama yule hakumshtaki mwanawe kwa uongo, maana kila neno lilikuwa la kweli. Wala hakumshtaki kwa nia mbaya. Sisi tumezoea kuyahukumu maneno kwa kipimo kimoja: ni kweli au si kweli? Yeye alileta kipimo cha pili: hata kama ni kweli, je, ni yako?

Vijana watasema kwamba haya ni mazungumzo ya watu waliolelewa katika kuficha kila kitu. Sivyo. Watu wetu walikuwa wakipashana habari za nafsi zao hadharani kabla ya mtandao. Wanaoikumbuka Radio Tanzania Dar es Salaam wanazikumbuka kadi za salamu, ambazo mtu alizijaza majina ya wazazi, wajomba, mashemeji na marafiki, na nchi nzima ikasikia nani anamkumbuka nani. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa mnamo mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Ni maneno ya mama kwa mwanawe, na leo husomwa vyuoni. Na mwanamke wa pwani aliyeudhiwa na jirani au na mke mwenza hakukosa pa kulisemea: alikwenda dukani, akasoma majina ya kanga moja baada ya nyingine, akachagua lililomfaa, akajifunga, akapita barazani taratibu.

Ichunguze ile kanga, kwa maana ina falsafa ndani yake. Wapitao wote wanajua kuna neno limesemwa. Anayehusika anajua kwamba limesemwa kwake. Lakini hakuna jina lake lililotajwa, wala hakuna tukio lililosimuliwa. Aliyeudhiwa ameutua mzigo wake, na aliyeudhi ameachiwa nafasi ya kujirekebisha bila kuaibika mbele ya mtaa. Kesho wanaweza kuazimana chumvi. Fumbo lilikuwa njia ya kusema na kusitiri kwa wakati mmoja, na waliolitumia hawakuwa waoga hata kidogo.

Hapa, msomaji, lazima nisimame kidogo, kwa sababu neno sitara limebebeshwa pia mambo maovu. Ni mara ngapi tumesikia watu wazima wakisema "tuyamalize nyumbani" juu ya mke aliyepigwa au mtoto aliyeharibiwa na ndugu? Kwa miaka mingi hapa Tanzania msichana aliyepata mimba akiwa shuleni alifukuzwa mbele ya macho ya wote, huku aliyempa mimba mara nyingi akibaki amefunikwa. Ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Sitara ya namna hiyo ilimfunika mwenye nguvu na kumwacha uchi mnyonge. Mtandao umewapa baadhi ya wanyonge hao sauti ambayo baraza la wazee halikuwapa. Mimi sitamwambia msichana aliyedhulumiwa kwamba aheshimu siri ya aliyemdhulumu. Kuificha dhuluma ni kuishiriki.

Basi tutatofautishaje? Nimeona kwamba kulitazama jambo lenyewe, kama ni la aibu au si la aibu, hakutusaidii. Tuwatazame watu waliomo. Katika kila kisa yumo mwenye nguvu na yumo asiye na nguvu. Yumo anayeweza kujibu na yumo asiyeweza. Mume mkatili anaweza kujibu, na bosi mla rushwa anaweza kujibu. Wana midomo, wana marafiki, wana na mawakili. Lakini mgonjwa aliye kitandani hawezi kujibu. Mtoto wa miaka mitatu anayepigwa picha akioga, ikapelekwa kwa watu mia tano wanaocheka, hawezi kujibu. Atakapoweza, atakuwa mtu mzima anayetafuta kazi au mchumba, na picha ingalipo. Marehemu hawezi kujibu. Mtu anapouanika ubaya wa mwenye nguvu, hujiweka hatarini yeye mwenyewe. Anapouanika udhaifu wa asiye na sauti, anayewekwa hatarini ni mwingine, na mwandishi hubaki na makofi. Naona hapo ndipo ulipo mpaka.

Sheria zinajaribu kusaidia. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Ni hatua njema. Hata hivyo, sheria inafaa zaidi kumlinda raia mbele ya ofisi na makampuni kuliko kumlinda mama mbele ya mwanawe. Hilo la pili ni la malezi na dhamiri.

Kijana aweza kuuliza: Basi mwandishi asiandike juu ya watu wake? Angekuwa na nini kingine cha kuandika? Ni swali la haki. Shaaban Robert aliandika juu ya maisha yake mwenyewe, na huzuni ya kufiwa na mkewe Amina haikukosa nafasi katika kazi zake. Lakini mtu huyo huyo alikuwa na kalamu nyingine ya faragha. Barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958, zilikuwa na msomaji mmoja tu aliyekusudiwa. Sisi tulizipata katika kitabu mwaka 2002, zikiwa zimehaririwa na Profesa M. M. Mulokozi, miaka 40 baada ya mwandishi kufariki. Alijua lipi ni la ndugu na lipi ni la umma, na lile la umma alilifanyia kazi mpaka likawa na umbo. Abdulrazak Gurnah naye aliondoka Zanzibar akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Msiba unaosimuliwa siku ile ile bado ni habari za mtu fulani. Ukikaa moyoni mwa mwandishi kwa muda wa kutosha, huanza kuwa habari za binadamu wote, na mwenye msiba wake anaweza kuusoma bila kujificha uso. Maharage hayaivi kwa kupigiwa makofi. Yanataka moto na subira.

Vijana wanaponiletea maandishi yao siwaambii wasiandike. Nawaambia waandike usiku ule ule, moto ukiwa bado unawaka, lakini waandike katika daftari, kisha walifunge. Baada ya wiki mbili walifungue na kujiuliza maswali matatu. Nani katika kisa hiki hawezi kunijibu? Je, naweza kumsomea maneno haya ana kwa ana, nikimtazama usoni? Na kama nikimwondolea jina, kijiji na ugonjwa wake, je, kitabaki kitu cha maana, au uzuri wote ulikuwa katika aibu yake? Swali la tatu ndilo linalowaumiza zaidi, kwa kuwa linapima ufundi na maadili kwa pamoja. Maandishi mengi yanayosifiwa leo hayawezi kulijibu.

Bawabu aliyekuwa akituzuia zamani alikaa mbali na sisi, mjini, katika ofisi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Tulimlaumu, na mara nyingine kwa haki. Sasa ameondoka, na kazi yake haina mwenyewe isipokuwa kila mmoja wetu. Hiyo ni heshima kubwa kuliko watu wanavyodhani, na mzigo wake ni mzito vilevile. Visa vya watu wengine ni nyumba za watu. Mlango wa nyumba ukiwa wazi, mtu aliyelelewa vizuri bado hupiga hodi, na asipokaribishwa hurudi.