Kumngoja Bibi Njiani

Familia ikipanda kwenda Ziwa Ngosi, katika milima ya Poroto karibu na Mbeya, hukutana mapema na swali hili: mwenye mwendo wa pole angojwe, au aachwe? Njia ni ya msituni, yenye kupanda sana, na ziwa halionekani mpaka ufike ukingoni mwa kasoko. Hapo ndipo maji hutokea, mbali kule chini.

Wengi wetu twajibu upesi: angojwe. Sisi tuliozoea kuongoza watoto wa shule safarini twakubali, ila si kwa haraka hiyo. Bibi anayengojwa kila kona hubeba mzigo wa pili, yaani macho ya wajukuu. Atasema, "Nendeni tu, mimi yatosha," na huku moyo wake wayatamani maji yale.

Afadhali bibi atangulie. Hapo hangojwi na mtu, anafuatwa. Wanaonung'unika kwamba jua litachwa, si waondoke nyumbani alfajiri? Na nguvu zikimwishia kabisa, mmoja aketi naye, wala asiwe yule yule mama aliyebeba chakula cha wote tangu asubuhi.