Sindano ya Kumhimiza Ng'ombe

Baadhi ya ndugu zetu wafugao Kawangware, na wengine wa Kibera, wauliza: Jee, yafaa kumpiga ng'ombe sindano ya homoni ili atake dume siku tuitakayo sisi? Wako wasemao kuwa huko ni kuingilia kazi ya Muumba. Wako wasemao kuwa maadamu maziwa yapatikana, hapana haja ya kuuliza. Twaona pande zote mbili zimefanya haraka.

Kwanza yatupasa kulijua jambo lenyewe. Ng'ombe hutaka dume kila baada ya siku 21 kwa kadiri, na hali hiyo haidumu hata siku moja kamili. Akiwa malishoni, atapandana na wenziwe na mchungaji ataona. Lakini ng'ombe wa mjini amefungwa peke yake katika banda la mabati, na pengine joto humjia usiku hali mwenyewe amelala. Likipita, ni kungoja siku 21 nyingine kwa majani ya kununua. Ndipo ilipokuja dawa iitwayo prostaglandini. Huyeyusha kinundu kilicho juu ya kokwa la uzazi, ambacho huzuia joto lisije, na ng'ombe hutaka dume baada ya siku 2 hadi 5. Hapo huitwa mtaalamu wa kupandisha, aje na mbegu kama zile za kituo cha Kabete, jirani ya Kawangware, kilichoanzishwa mwaka 1946.

Katika hili hatuoni kuwa umbile limegeuzwa. Dawa haikuumba mimba; imehimiza jambo ambalo mwili wa ng'ombe hulifanya wenyewe. Watu wa Madina walikuwa wakipandikiza mitende kwa mikono yao, na Mtume (S.A.W.) aliwaachia mambo ya dunia yao waliyoyajua.

Lakini jambo kufaa si hoja kuwa kila alifanyaye amefanya vyema. Kinundu kile kizuiacho joto ndicho hicho hicho kishikiliacho mimba. Ng'ombe mwenye mimba changa akipigwa sindano hiyo, mimba hutoka. Basi mpigaji sindano asiyempima ng'ombe wala kuuliza alipandishwa lini, kwa kuwa ana haraka ya kwenda kupokea ada nyumba ya pili, amefanya nini? Ng'ombe hawezi kusema. Mwenye ng'ombe, ambaye huenda hana mali nyingine, hajui. Tena dawa hii hupenya ngozi ya mtu: mwanamke mjamzito asiishike, wala mwenye pumu. Nani aliyemwambia hayo mama ashikaye kamba ya ng'ombe?

Na liko la pili. Ng'ombe aliyekonda kwa njaa mara nyingi hana hata kinundu hicho, na sindano haimfai kitu. Dawa yake ni majani na maji. Anayenunua sindano akaacha kumlisha mnyama wake amepoteza fedha, na dhulma imebaki palepale.

La tatu ni la sokoni. Mtume alikataza kuacha kumkama mnyama siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Jee, yule amwonyeshaye mnunuzi joto la sindano, naye ajua kuwa ng'ombe huyo amepandishwa mara nyingi asishike mimba, ana tofauti gani na huyo?

Kwa hivyo twasema: sindano yenyewe haina dhambi, bali ni amana. Ng'ombe apimwe kwanza, mwenyewe aelezwe, mnunuzi asifichwe, na mnyama ashibe. Yakitimia haya, hapana ubaya. Yakikosekana, asijitetee mtu kwa kusema kuwa dawa ni halali, kwani hataulizwa juu ya dawa. Ataulizwa juu ya haki ya asiyeweza kusema na asiyejua.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.