Bure Inayojenga na Bure Inayofunga

Wanangu mnaotamani kazi ya usalama wa mtandao, nawasikia mkilalamika kwamba kozi ni ghali na ada hamna. Ada isiwe kisingizio. Elimu hii imejaa bure mtandaoni, tena kwa walimu wanaoijua. Ila bure hazifanani: ipo inayokujenga, na ipo inayokufikisha kizimbani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usiwaze kuvunja nywila kabla hujajua kompyuta mbili zinawasilianaje. Cisco Networking Academy wana kozi za utangulizi zisizolipiwa, anza hapo. Kisha ingia OverTheWire, ucheze Bandit: kila ngazi unasaka nywila ya ngazi inayofuata kwa amri za Linux. Ni maandishi matupu, kwa hiyo hata bando dogo linatosha. Mlio sekondari mna picoCTF, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani. Anayetaka kuujua udhaifu wa tovuti aende Web Security Academy ya PortSwigger. Masomo na mazoezi yake hayalipiwi.

Sasa onyo. Mtu usiyemjua akikutumia kwenye Telegram programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, jiulize yeye anafaidi nini. Huenda ndani yake kuna nyingine inayochota nywila zako. Chukua programu kwa walioitengeneza. Hata Kali Linux, mfumo wenye zana za kupimia usalama, hauuzwi; ya nini kuupitia kwa dalali?

Wala usijaribie ujuzi wako kwenye mfumo wa shule au Wi-Fi ya jirani. Fundi kufuli hujifunzia kufuli alizonunua, si za milango ya watu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya mwaka 2018. Kwa zote mbili, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama hukuiba kitu. "Nilikuwa najifunza tu" si utetezi.

Mtazameni Marcus Hutchins wa Uingereza. Mei 2017, akiwa na miaka 22, alizuia kuenea kwa WannaCry, programu iliyokwamisha hospitali za nchi yake. Dunia ikampongeza. Agosti mwaka huohuo akakamatwa Marekani kwa sababu ya Kronos, programu ya kuibia wateja wa benki aliyoshiriki kuiandika alipokuwa mdogo zaidi. Mwaka 2019 alikiri makosa, na jaji hakumwongezea kifungo. Msitegemee kupata jaji wa namna hiyo.

Basi someni kwa bidii, hifadhini kumbukumbu za mazoezi yenu ili siku moja mwajiri azione, na kabla ya kugusa mfumo wa mtu, ombeni ruhusa ya maandishi. Mkinyimwa, acheni.