Ufa Unaozibwa Kila Mara

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeisikia methali hii darasani, msikitini na kwenye mikutano ya kijiji, wala sijamsikia mtu akiipinga. Hebu leo niipinge mimi kidogo. Je, ukiuziba ule ufa nao ukarudi? Ukauziba tena, ukarudi tena? Ndugu msomaji, hapo ubovu uko kwenye ufa au kwenye msingi wa nyumba?

Swali hili nimeliokota uvunguni mwa Land Rover. Ni ya baba yangu mdogo kule Kilosa, Series III ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25. Wenye magari haya wana utani wao: ukiona halivuji oili, ujue oili imekwisha. Utani mtamu, lakini gari hili ndilo linalobeba mahindi, ndilo linalobeba maiti, na usiku wa manane ndilo linalobeba wajawazito kwenda hospitali. Oili ikikauka njiani beringi zinaungua, na mgonjwa hawezi kumaliza safari kwa utani.

Katika mwaka mmoja sampu yake, yaani lile karai la chini linalohifadhi oili, imefunguliwa mara tatu. Mara tatu gasketi mpya, mara tatu baba mdogo kalipa, na mara tatu doa jeusi likarudi palepale chini ya mwembe. Safari ya mwisho fundi alipaka silikoni kama mtu anayepaka siagi ya mwenzake. Na silikoni ikizidi hutokeza ndani pia, vipande vikakatika, vikaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Mgonjwa kaja na mafua, karudi na pumu.

Sasa, kwa nini gasketi mpya ivuje? Sampu ile ni ya bati. Ukikaza bolti kwa nguvu zako zote, bati linabonyea penye tundu, na kati ya bolti na bolti panabaki mwanya. Kadiri unavyokaza ndivyo unavyoufungua! Mwenye bidii ndiye anayevujisha. Dawa yake ni kulilaza karai juu ya chuma kilichonyooka, ulinyooshe kwa nyundo taratibu, ukwangue mabaki yote ya gasketi ya zamani, ufute kwa petroli mpaka pakauke, kisha ukaze kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, bila kujionyesha misuli.

Lakini huenda sampu haina kosa hata kidogo. Oili huvuja juu, kwenye tapeti kava au kwenye sili ya nyuma ya krankshafti, ikateremka na kuning'inia pale chini, nasi tukamkamata aliyekutwa na mzigo. Ndiyo maana fundi mwenye subira huosha injini kwanza, huinyunyizia poda ya mtoto, huiwasha, kisha hukaa na tochi kutazama njia ya oili inaanzia wapi.

Na liko la tatu, ambalo ndilo letu. Injini hupumua. Ringi za pistoni zikilika, moshi wa moto unapenya mpaka chini na kuisukuma oili itokee popote penye udhaifu. Wakati mwingine ni kifuniko cha kujazia oili tu kimeziba wavu wake, unakiosha kwa petroli, mambo kwisha. Cha kwetu tulikiosha. Moshi haukupungua. Ringi zimechoka, bwana, na gasketi ilikuwa inashtakiwa bure.

Fundi alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alipoulizwa alijibu bila haya: "Mzee, uliniambia gasketi, nikakufungia gasketi. Ningekwambia injini imechoka, pesa ungetoa wapi?"

Rafiki zangu wawili wanamtetea. Ati kumwambia maskini ukweli asioweza kuulipia ni kumtesa. Mimi nasema la hasha. Ukweli haukumlazimisha baba mdogo abadili ringi. Ungemwezesha kuchagua: abebe galoni ya oili ya akiba, apime kila alfajiri, na akatae kumbeba mgonjwa wa mbali usiku. Gasketi ile ilimnyang'anya uchaguzi huo ikamwachia imani. Na mtu mwenye imani na injini mbovu, porini, saa nane za usiku, yu hatarini kuliko mwenye wasiwasi.

Hapo ningeweka kalamu chini, ila jambo limenigeukia nyumbani. Baba mdogo kapata mnunuzi kutoka Dumila, anakuja Jumamosi. Anataka gasketi ya nne ifungwe na injini ioshwe, ili gari likae kavu japo wiki moja. Nilipomuuliza kulikoni, alinitazama akasema, "Mwanangu, nimedanganywa mara tatu. Hii moja ni chenji yangu."

Chenji! Lakini chenji hudaiwa kwa aliyepokea noti. Huyu wa Dumila kachukua nini chetu? Naye ana wagonjwa wake, na barabara zake, na usiku wake. Tena naandika haya nikijua kwamba karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye bodi ya gari hilohilo, na kwamba bei ikishuka nusu, mdogo wangu anayesubiri zamu yake ndiye atakayekaa nyumbani. Si rahisi kuwa mwadilifu kwa ada ya mwenzako.

Kazi ya kuosha nimepewa mimi. Nimemwambia, kwa heshima zote, kwamba nitaosha Ijumaa jioni, nitanyunyiza poda, nitaiwasha robo saa, na nitaiacha vivyo hivyo mpaka mgeni afike. Hakunijibu. Aliingia garini akalisogeza kutoka chini ya mwembe, akachukua jembe, akaanza kufukia lile doa.