Haki ya Mwokozi juu ya Jamaa Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, wako vijana wetu wa pwani waendao bara, Shinyanga na Geita, kutafuta riziki katika mashimo ya dhahabu. Khabari za mashimo hayo twazijua. Oktoba 2015 shimo la Nyangarata, wilaya ya Kahama, liliporomoka, na watu watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Januari 2017, huko Geita, watu 15 walitolewa wote wazima. Agosti 2025, huko Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, watu 25 walifukiwa, na waokozi wakachimbua siku nyingi wakitoa maiti.

Aliyepona twamshukuria Mungu, na aliyekufa twamwombea rehema. Na yule aliyeshuka kuwatoa, nani amwulizaye hali? Mara nyingi huyo si askari wa Zimamoto na Uokoaji, bali ni mchimbaji mwenziwe, aliyekula nao asubuhi. Pengine amesikia sauti chini ya kifusi, kisha ikakatika naye angali akichimba.

Nami nakiri kosa langu. Kijana mmoja aliyerudi Geita alinijia baada ya sala ya Isha, akaniambia kuwa tangu alipotoa maiti shimoni halali, na maisha yamemchusha. Nikamwambia, “Subiri,” nikampa nyiradi, nikamwaga. Lau mkwewe hakumpeleka hospitali usiku ule, leo ningekuwa na jambo zito la kujibu mbele ya Mola wangu.

Basi jueni kuwa kunyamaza siko kusubiri. Nabii Yaakub alilia hata macho yake yakawa meupe, naye ni katika wenye kusubiri. Mtume wetu alimlilia mwanawe Ibrahim. Subira ni kutoikasirikia kadari ya Mungu. Kumweleza ndugu au tabibu maumivu yako hakuivunji.

Swali: Je, kujiua si haramu?

Jawabu: Ni haramu, na katazo lake limo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29. Lakini kumwambia mgonjwa neno hilo peke yake ni kama kusimama juu ya shimo na kumsomea aliyefukiwa hukumu za kuchimba. Ateremshiwe kamba kwanza. Na aliyekwisha kujiua, katika madhehebu yetu ya Shafi huoshwa, husaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu. Basi msiwatukane wafiwa.

Yatupasa mambo manne. La kwanza, tumwulize mtu wazi kama ana wazo la kujiua. Swali hilo halimtii wazo asilokuwa nalo. La pili, akikiri, asiachwe peke yake, na kamba, sumu na silaha viondolewe karibu naye. La tatu, apelekwe hospitali iliyo karibu. Kwa watu wa Geita na Shinyanga iko Bugando, Mwanza, na kwa maradhi ya akili iko Mirembe, Dodoma. Mtume ametuamrisha kutafuta dawa, na dua hufuatana na dawa, haishiki mahali pake. La nne, asilazimishwe kusimulia aliyoyaona; akitaka kusema, asikilizwe mpaka amalize.

Mwenyiezi Mungu ametufunza katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, kuwa mwenye kuhuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Mwokozi naye ni nafsi. Kumtoa aliyefukiwa ni fardhi ya kifaya; na kumshika mkono aliyemtoa ni fardhi hiyo hiyo, na ikiachwa na wote, wote wana dhambi.

Basi usiku huu, baada ya Isha, kila mmoja wetu na amtafute mmoja wao, amketishe, amwulize, na asiinuke upesi kama nilivyoinuka mimi.

Wabillahi taufiki.