Acha Mvi Zako Zionekane

Neno la msingi: Isaya 46:1-4. Soma pia Walawi 19:32-34 na Mithali 16:31.



Leo naomba ruhusa yenu niseme jambo ambalo wengine watalicheka. Nataka kusema habari za nywele. Mimi mzee wenu nilipaka nywele zangu rangi nyeusi kwa miaka 9, na wengi wenu hamkujua. Alijua mke wangu, na alijua Mungu, ambaye Bwana Yesu alisema amezihesabu zote (Mathayo 10:30).

Ilianza hivi. Mwaka 2010 nilitoka kambini kwenda Kigali kutafuta kazi, maana posho haikutosha na watoto walihitaji viatu. Nikasikia kuna nyumba Kimihurura inayotafuta zamu. Nilifika langoni mapema, nimevaa koti safi. Mwenye nyumba alinitazama kichwani kabla hajaniuliza jina, akasema anataka mtu mwenye nguvu, hataki mzee. Ndugu zangu, sikuwa dhaifu. Mwaka 1996 nilitoka Masisi kwa miguu, mtoto mabegani na mzigo mkononi. Lakini kichwa kilikuwa kimenisemea kabla ya mdomo.

Jioni ile nilinunua pakiti ya rangi, nikaikoroga katika kisahani, nikapaka kwa mswaki wa zamani. Juma lililofuata nikapata kazi ya zamu katika nyumba nyingine, kilima kile kile cha Kimihurura.

Kazi ile siijutii. Ilitulisha. Lakini rangi haina mwisho. Nywele huota karibu sentimita 1 kila mwezi, kwa hiyo kila baada ya majuma machache weupe huchungulia tena kwenye mashina, na wewe unarudi kwenye kisahani. Nilikuwa ninakagua kioo kuliko ninavyokagua lango. Jumba kubwa la mikutano lilipofunguliwa pale Kimihurura mwaka 2016, usiku nililiona kuba lake likiwaka taa za rangi mbalimbali. Nikasema moyoni, "Sisi wawili tunabadilishwa rangi gizani."

Sasa sikilizeni lililonichoma. Mwishoni mwa mwaka 2018 nilikuja kambini kwa Noeli. Vijana wa kanisa walikuwa wameomba kusikia habari za kwetu tulikotoka. Mchungaji akasoma Walawi 19:32, akaomba wote wenye mvi waje mbele, na vijana wasimame kwa heshima. Walikwenda watu watano. Mimi nilibaki kwenye benchi. Vijana waliposimama, nami nikasimama pamoja nao, nikiwaheshimu wazee ambao wawili kati yao niliwafundisha kuchunga ng'ombe walipokuwa watoto.

Kijana mmoja akauliza jina la kijito ambapo babu yake alikuwa akinywesha ng'ombe. Wale watano wakatazamana. Hawakutoka upande ule. Mimi nilikijua kijito kile, na babu yake nilimjua. Nikanyamaza. Niliona haya, maana kama ningejibu wangeniuliza nilikuwa na miaka mingapi wakati ule. Kijana akarudi nyumbani bila jibu.

Mwaka uliofuata niliacha rangi. Msidhani niliacha kwa utakatifu. Niliacha kwa kuwashwa! Kichwa kilitoka malengelenge, masikio yakavimba, macho yakafumba. Muuguzi akanieleza kwamba rangi nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Mwili unaweza kuivumilia miaka mingi, kisha siku moja ukaikataa, na ukishaikataa, kila ukipaka tena hatari huzidi. Ndipo nikaacha. Nywele zilipokuwa nusu nyeupe nusu nyeusi, watoto wakaniita pundamilia. Nikamtafuta yule kijana nimpe jina la kijito. Alikuwa amekwisha kwenda Marekani na wazazi wake. Nilimpelekea jibu kwa simu, akafurahi. Lakini wenzake waliokuwa kanisani siku ile hawakulisikia.

Tufungue sasa Isaya 46. Neno hili liliwahusu watu wa uhamishoni, waliochukuliwa Babeli mbali na kwao. Nabii anaonyesha miungu ya Babeli, Beli na Nebo, ikipakiwa juu ya wanyama waliochoka. Miungu hiyo ni mzigo; haiwezi kujiokoa, inakwenda utumwani pamoja na wanaoibeba. Kisha Mungu wa Israeli anasema habari yake mwenyewe: yeye habebwi, yeye ndiye abebaye. Aliwabeba watu wake tangu tumboni, na atawabeba mpaka uzee, mpaka mvi.

Sisi tunaelewa neno hili kuliko wengi. Tuliokimbia tunajua kitu gani kilitupwa njiani kwa sababu ya uzito. Godoro lilitupwa, cherehani ilitupwa, hata picha za harusi zilitupwa. Lakini kuna Mmoja ambaye hatukumbeba, naye hakututupa. Mvi zako, mama, ndizo ushahidi wa safari hiyo. Kila unywele mweupe umeota siku ambayo ungeweza kuwa umekufa, nawe hukufa.

Basi nina maneno matatu.

Kwanza, tusifute ushahidi. Ukipita Kimihurura utaona jengo la Bunge. Kuta zake zina alama za vita vya mwaka 1994, nazo ziliachwa zionekane. Fedha za kupiga lipu zingepatikana, lakini nchi ilitaka mtoto apite aulize, na mkubwa amjibu. Tangu 2017 kuna makumbusho ndani yake. Sisi wakimbizi hatuna kuta. Makaburi ya baba zetu yako mbali, na vyeti vyetu vilibaki ng'ambo ya mpaka, hata wengi wetu tumeandikwa kwamba tulizaliwa tarehe 1 Januari. Mtoto wetu atauliza mbele ya nini? Atauliza mbele ya kichwa cheupe. Kwa Kiswahili tunasema mvi, na kwa Kinyarwanda ni imvi. Hata lugha zetu zimekubaliana kwamba jambo hili lina jina, halina haja ya kufichwa.

Pili, vijana, simameni. Angalieni jinsi Walawi 19 ilivyopangwa. Mstari wa 32 unaagiza kumheshimu mwenye mvi na kumcha Mungu. Mstari wa 33 unaagiza kutomdhulumu mgeni anayekaa katika nchi. Mwenye mvi na mgeni wamewekwa jirani, kwa sababu wote wawili ni rahisi kudharauliwa. Mzee wa kambini ni vyote viwili kwa pamoja. Tukiwacheka wazee wetu, tutawezaje kulalamika wenye nchi wakitudharau sisi? Nasi wazee tukumbuke kwamba Mithali 16:31 inalitaja taji hili pamoja na njia ya haki. Mvi bila haki ni weupe tu. Aliyezeeka katika ulevi na uchongezi asidai kusimamiwa.

Tatu, tusifanye jambo hili kuwa sheria. Kupaka rangi si dhambi, na sikuona andiko linalosema kwamba ni dhambi. Yuko mama anayefua nguo katika nyumba za watu mjini, naye anajua akionekana mzee atapoteza mkate wa wajukuu. Mtu asimnyoshee kidole. Dhambi ipo kwa mwenye nyumba anayepima nguvu za mtu kwa rangi ya nywele zake. Mama huyo tumwombee, na tukisikia kazi inayoheshimu umri wake, tumwambie. Anayeendelea kupaka apime kwanza tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, angoje saa 48. Pakiwasha au pakivimba, asiipake.

Na anayetaka kuacha, nampa nilichojifunza. Rangi ya kudumu haitoki kwa kuosha, na usijaribu kuitoa kwa dawa ya kung'arishia nguo, itakuunguza. Mwanamume anyoe, aanze upya. Mama anaweza kukata fupi, au kusuka na kufunga kitambaa huku akipunguza ncha kidogo kidogo. Kwa nywele ndefu ni zaidi ya mwaka. Miezi ya katikati ndiyo migumu, maana kichwa kina rangi mbili na watu wanauliza. Wakiuliza, jibu. Hiyo ndiyo nafasi ya kushuhudia.

Mtauliza kama nilipoteza kazi. Niliogopa sana. Nilipiga magoti katika kibanda cha zamu, kisha asubuhi nikafungua lango kichwa wazi. Mwenye nyumba akanitazama, akasema, "Shikamoo, mzee." Miaka yote 9 hakuwahi kuniamkia hivyo. Nilikaa pale miaka miwili zaidi, kisha nikarudi kambini kwa hiari yangu. Najua si kila mtu atajibiwa kama mimi. Lakini najua pia kwamba Yule aliyetubeba kutoka Masisi hakutuahidi kutubeba mpaka mvi zianze tu. Alisema katika mvi pia.

Jumapili ijayo baada ya ibada nitakaa chini ya mti ulio nyuma ya kanisa. Kijana yeyote aje aulize jina la kilima, la kijito, la babu yake. Nisipojua, tutamtafuta mwenye kichwa cheupe anayejua.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetubeba tulipokuwa wazito kwa huzuni, utubebe na sasa. Uwape wazee wetu ujasiri wa kuonekana, na vijana wetu masikio ya kusikia. Mlinde kila anayetafuta mkate mbali na nyumbani, wala asione haya kwa miaka uliyompa. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.