Mtunza Nyumba na Mwenyeji Asiyekuwapo

Siku hizi wako watu watembeao duniani pasipo haraka. Hawakimbilii kuona miji kumi katika majuma mawili. Huenda mahali pamoja, mara nyingi mji mdogo wa pwani, wakakaa mwezi au miezi mitatu katika nyumba ya mtu aliyesafiri. Hawalipi kodi, wala hawapewi mshahara. Kazi yao ni kulisha mbwa na paka, kumwagilia bustani, na kulala humo nyumba isionekane tupu. Liko shirika lililoanzishwa Uingereza mwaka 2010, jina lake TrustedHousesitters, liwakutanishalo wenye nyumba na watunzaji hao; na pande zote mbili hulipa ada ya mwaka.

Nauliza: mtu huyu ni nani katika mji ule? Ni mgeni, au ni mtumishi? Swali hili si la mchezo, maana wajibu wa mtu huifuata nafasi aliyo nayo. Maofisa wa mipakani katika nchi nyingine huihesabu kazi hii kuwa ajira, ijapokuwa hakuna fedha, na mwenye ruhusa ya matembezi tu aweza kurudishwa alikotoka.

Sisi twasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtunza nyumba hupewa jembe siku ya kwanza, hata kabla hajafika. Kwa hiyo huona kwamba hana deni: paka ameshiba, ua umefagiwa, basi. Lakini katika mithali ile yuko mwenyeji amkabidhiye mgeni jembe, ale naye, tena amwonye akikosea. Hapa mwenyeji ndiye aliyeondoka. Wanaobaki kumpokea mgeni ni majirani, nao hawakuulizwa.

Tazameni Ericeira, mji wa wavuvi katika Ureno, kaskazini-magharibi ya Lisbon. Mwaka 2011 pwani yake ilitajwa kuwa hifadhi ya dunia ya mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi, ya kwanza katika Ulaya, na wageni wengi wakaja. Mwaka 2022 Ureno ilianza kutoa viza kwa wageni wafanyao kazi zao kwa njia ya intaneti. Tarehe 1 Aprili 2023 maelfu ya watu waliandamana katika Lisbon na miji mingine ya nchi hiyo, wakilia kwamba kodi za nyumba zimewashinda.

Je, mtunza nyumba ana hatia katika hayo? Kwa haki, mtu akaaye katika nyumba ya mwalimu aliyekwenda kuwaona wazazi wake hamwondoi mtu yeyote. Bali nyumba ambayo mwenyewe huijia majuma matatu tu kwa mwaka ni jambo jingine. Huko utunzaji wake mwema ndio unaomwezesha tajiri kuifunga mwaka mzima, na wenyeji wakikosa pa kupanga. Naona yampasa aulize kabla ya kukubali, na wachache huuliza.

Wala kukaa sana si kujuana na watu. Mwenye nyumba akirudi atakuta paka mzima na maua mabichi. Naye muuza samaki wa kona ya pili huenda asijue kamwe kwamba mtu alikaa pale miezi mitatu.